Mzazi si mgeni wodini

Kila ifikapo Novemba 17 dunia huadhimisha siku ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wale ambao Watanzania tumezoea kuwaita njiti. Siku hiyo hotuba hutolewa, mashine hukabidhiwa, picha hupigwa, na waheshimiwa hupitishwa wodini wakiwa wamevishwa makoti meupe. Wakishaondoka, mlango wa wodi hufungwa. Anayebaki nje ya mlango huo, amekaa kwenye benchi au juu ya kanga aliyoitandika sakafuni, ni mama wa mtoto.

Leo tunataka kuzungumza habari za mlango huo, na tutazungumza bila kuzunguka mbuyu. Katika hospitali nyingi za kwetu, mzazi wa mtoto mchanga aliyelazwa huchukuliwa kama mgeni. Huingia kwa saa maalum, hunyonyesha au hukamua maziwa, kisha huambiwa atoke ili wauguzi wafanye kazi. Baba hana nafasi kabisa. Mchango wake ni kununua dawa iliyoandikwa kwenye karatasi na kusubiri getini mpaka mlinzi aseme muda wa kuona wagonjwa umefika. Bibi, shangazi na mama mdogo, ambao nyumbani ndio wangemlea mzazi na mwanawe, hawa hata hawahesabiwi.

Sisi tunasema utaratibu huu umepitwa na wakati na ubadilishwe. Wala hatusemi hivyo kwa kuwaonea huruma akina mama tu, ingawa huruma peke yake ingetosha. Tunasema hivyo kwa sababu unagharimu maisha ya watoto, na ushahidi wa jambo hilo haukutoka Ulaya wala Marekani peke yake. Sehemu yake imetoka Dar es Salaam.

Tuanze na hesabu. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa hali ya afya, mwaka 2015/16 watoto 67 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai Tanzania walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha idadi hiyo imeshuka hadi 43. Hayo ni mafanikio makubwa na yeyote anayeyabeza hana haki. Lakini sasa angalia wale wanaofariki ndani ya siku 28 za mwanzo. Walikuwa 25 kati ya 1,000. Mwaka 2022 walikuwa 24. Zaidi ya miaka sita imepita, na tumepunguza mtoto mmoja katika kila elfu. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto wetu wanaokufa kabla ya miaka mitano wanakufa katika mwezi wao wa kwanza, wengine hata jina hawajapewa. Na lengo ambalo mataifa yote yamejiwekea ni kufika vifo 12 au chini ya hapo ifikapo mwaka 2030.

Kwa nini namba moja ilishuka na nyingine ikagoma? Kwa sababu vyandarua, chanjo na dawa za malaria vimewaokoa zaidi watoto waliokwisha kuuvuka mwezi wa kwanza. Mtoto wa siku tatu haokolewi na chandarua. Huyu anakufa kwa sababu amezaliwa kabla ya wakati, au alichelewa kupumua alipozaliwa, au amepata maambukizi. Na yule aliyezaliwa na kilo moja na nusu ana maadui watatu wanaomwandama mchana na usiku: baridi, njaa na vijidudu. Hana mafuta mwilini ya kumtia joto, hana nguvu ya kunyonya, na ngozi yake ni nyembamba kama ganda la kitunguu.

Kupambana na maadui hao kunahitaji mtu wa kukaa na mtoto. Si wa kumpitia, bali wa kukaa naye. Mtu huyo ni nani? Ni muuguzi? Usiku, katika hospitali nyingi za umma, muuguzi mmoja huwa na watoto kumi, kumi na watano, na wakati mwingine zaidi. Kila mtoto anatakiwa alishwe kila baada ya saa mbili au tatu, apimwe joto, abadilishwe nepi, apewe dawa kwenye mshipa, na atazamwe kama bado anapumua. Hata angekuwa malaika, muuguzi huyo hana mikono ya kutosha. Na wakati huohuo, hatua chache kutoka hapo, wapo watu kumi na watano wenye mikono miwili miwili, kila mmoja ana mtoto mmoja tu wa kumwangalia, na hakuna duniani anayemtakia mtoto huyo uhai kuliko yeye. Hao tumewaambia wasubiri saa ya kunyonyesha.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hospitali yenye wauguzi wachache ambayo haiutumii uchungu huo inatupa dawa iliyo mkononi mwake.

Watu waliolitambua jambo hili mapema hawakuwa matajiri. Mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, Dk. Edgar Rey Sanabria wa hospitali ya Instituto Materno Infantil alikuwa na tatizo ambalo daktari yeyote wa kwetu atalielewa: njiti walikuwa wengi kuliko mashine za joto, watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika mashine moja, nao wakawa wanaambukizana. Akaanza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakae hapo mchana na usiku. Baadaye Dk. Héctor Martínez akaungana naye. Utaratibu huo ndio leo unaitwa matunzo ya kangaruu, kwa jina la yule mnyama anayembeba mwanawe katika mfuko wa tumboni.

Mwaka mmoja baadaye, 1979, huko Tallinn, Estonia, wakati ule ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, Dk. Adik Levin alikuwa na upungufu wa namna nyingine: hakuwa na wauguzi wa kutosha katika wodi ya watoto wachanga wagonjwa. Akawafungulia akina mama mlango wakae na watoto wao saa zote 24. Mama alilisha, alibadilisha, alimsafisha mwanawe. Muuguzi alibaki na sindano na dawa, na kazi mpya ya kumfundisha mama. Maambukizi yakapungua na watoto wakaongezeka uzito.

Lililofuata ni la kufurahisha. Dk. Shoo Lee wa hospitali ya Mount Sinai, Toronto, akajifunza kutoka Tallinn na kuupeleka utaratibu huo Kanada, nchi ambayo haina shida ya mashine. Ukafanyiwa majaribio katika hospitali 26 za Kanada, Australia na New Zealand, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Wazazi waliokubali walikaa wodini angalau saa sita kwa siku, walifundishwa, na walishiriki daktari alipopita kuangalia wagonjwa asubuhi. Watoto wao waliongezeka uzito vizuri zaidi, wengi zaidi walikuwa wakipata maziwa ya mama walipotoka hospitali, na wazazi wenyewe walikuwa na wasiwasi mdogo. Kabla ya hapo, mwaka 2010, uchunguzi uliofanywa Stockholm, Sweden, ulionyesha kwamba njiti ambao wazazi wao waliruhusiwa kulala nao hospitalini walitoka mapema kwa siku tano hivi kuliko wenzao. Siku tano za kitanda, dawa na oksijeni! Wahasibu wa hospitali zetu wanasikia?

Na sasa tuje nyumbani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na ya Tanzania ilikuwa ni Muhimbili. Watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilihudumiwa kama ilivyozoeleka: mtoto kwenye mashine mpaka hali yake itulie, ndipo apewe mama. Kundi la pili mtoto aliwekwa kifuani mwa mama mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, hata kabla hajatulia, na mama akapewa kitanda ndani ya wodi hiyohiyo ya watoto mahututi. Kundi hilo watoto walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Mama asipoweza, ndugu aliyemchagua mwenyewe alimbeba mtoto kwa niaba yake.

Katika kundi la kwanza watoto karibu 16 kati ya 100 walifariki ndani ya siku 28. Katika kundi la pili walifariki 12. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wengine kitu ambacho kilikwisha onekana kinaokoa.

Tafakari, ndugu msomaji. Hakikuwa chanjo mpya wala kidonge kipya. Kilikuwa kitanda cha mama, kiti cha kuegemea, kitambaa cha kumfungia mtoto, na ruhusa ya kubaki ndani. Novemba 2022 Shirika hilo likabadilisha mwongozo wake kwa dunia nzima: matunzo ya kangaruu yaanze mara tu mtoto anapozaliwa, na familia ishirikishwe katika matunzo ya kila siku ya njiti anapokuwa hospitalini.

Basi kuishirikisha familia maana yake nini? Tunauliza kwa sababu neno hili ni jepesi kutamkwa semina na gumu kutekelezwa zamu ya usiku.

Kwanza, ni mahali pa kukaa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hawezi kupanda ngazi kila baada ya saa tatu, mshono unauma, kwenda kumtazama mwanawe jengo la pili. Mama na mtoto wapewe huduma mahali pamoja, naye afuatwe hapohapo na mkunga wa kumwangalia kidonda na damu. Utafiti wa Muhimbili uliwezekana kwa sababu hilo lilifanyika.

Pili, ni mafunzo. Mama afundishwe kunawa mikono, kukamua maziwa, kumlisha mtoto kwa mrija unaopita puani, kumpima joto, na zaidi ya yote kuzitambua dalili za hatari: mtoto kubadilika rangi, kulegea, kuwa wa baridi, kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa. Mama anayekaa na mwanawe saa kumi na saba hugundua mabadiliko kabla ya mtu yeyote. Lakini lazima aamini kwamba akisema "mtoto wangu leo hayuko sawa" atasikilizwa, na hataambiwa "wewe ndiye daktari?"

Tatu, ni maelezo. Mzazi ana haki ya kuambiwa kwa Kiswahili chepesi mtoto wake anaumwa nini, anapewa dawa gani, na matumaini ni kiasi gani. Kuna akina mama waliokaa wodini wiki tatu na kuzika mtoto, na mpaka leo hawajui alikufa kwa ugonjwa gani, kwa kuwa daktari aliwaeleza wanafunzi wake kwa Kiingereza wakiwa wamekizunguka kitanda, kisha akaenda kitanda kinachofuata. Huo si utabibu. Na likitokea la kutokea, mzazi apewe nafasi ya kumpakata mwanawe, si kuitwa baadaye kusaini karatasi.

Nne, ni ndugu wengine. Kifua cha baba kina joto kama cha mama. Bibi aliyelea saba anaweza kumfunga mjukuu kifuani ili binti yake alale saa nne mfululizo. Wenzetu wa pwani wana mila ya arobaini, mzazi anakaa ndani anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, hafanyi kazi. Hekima ya mila ile ni kwamba mzazi hawezi kulea peke yake. Mama wa njiti anaimalizia arobaini yake hospitalini, na mara nyingi ndiye mzazi aliyechoka kuliko wote na mwenye msaada mdogo kuliko wote. Kama yeye hawezi kuifuata arobaini nyumbani, basi walau msaidizi mmoja wa arobaini aruhusiwe kumfuata wodini.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni maambukizi: watu wakiwa wengi wanaleta vijidudu. Hofu hii si ya kupuuzwa, na ndiyo maana kunawa mikono kunakuja kabla ya yote. Lakini vijidudu vinavyoua watoto wachanga hospitalini mara nyingi ni vya hospitali yenyewe, vile vilivyokwisha kuzizoea dawa, na huhamishwa kutoka mtoto hadi mtoto kwa mikono ya wahudumu walioelemewa na kwa vifaa vinavyotumiwa na wengi. Mama anamgusa mtoto mmoja tu, na maziwa yake, hasa yale ya mwanzo ya njano yaitwayo dang'a, yana kinga ndani yake. Katika utafiti ule wa nchi tano, watoto waliokaa na mama zao walipata maambukizi machache zaidi, si mengi zaidi. Wakati wa korona mwaka 2020, hospitali nyingi duniani ziliwatenganisha wazazi na watoto kwa hofu hiyohiyo. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba kuwaacha pamoja kwa matunzo ya kangaruu kungeweza kuokoa maisha ya watoto zaidi ya 125,000, na kwamba hatari ya korona kwa mtoto mchanga ilikuwa ndogo sana kulinganisha na hiyo.

Jibu la pili ni nafasi: wodi ni finyu. Hili tunalikubali kwa wodi zilizopo, na tunajua wapo waganga wakuu wanaohangaika nalo kwa nia njema. Lakini serikali imekuwa ikijenga wodi mpya za watoto wachanga katika mikoa na wilaya. Swali letu ni moja: ramani za majengo hayo zina vitanda vya akina mama ndani ya wodi, au zina mashine tu na benchi la korido? Wodi ikijengwa bila kitanda cha mama leo, itabaki hivyo miaka thelathini.

Jibu la tatu ni staha: akina mama wamefungua vifua, akina baba hawawezi kuingia. Pazia linauzwa dukani. Hata ikibidi kupanga zamu, asubuhi wanawake na jioni akina baba, itakuwa ni bora kuliko baba kumwona mwanawe kwa mara ya kwanza siku ya kuruhusiwa, au siku ya kumbeba kwenda kumzika.

Lipo jibu la nne ambalo watu hawalisemi kwa sauti, nalo ndilo tunaloliheshimu zaidi. Je, hii si njia ya kumtwisha mama kazi ya serikali bila malipo? Tunasema wazi: ikifanywa vibaya, ndivyo itakavyokuwa. Mama hawezi kuwa mbadala wa muuguzi. Yeye hachomi sindano, hafungi oksijeni, hafufui mtoto aliyeacha kupumua. Waziri atakayetumia makala haya kukwepa kuajiri wauguzi atakuwa ametudhulumu. Dk. Levin alianza kwa kukosa wauguzi, lakini Kanada, yenye wauguzi, inafanya hivyohivyo kwa sababu kazi ya mzazi na kazi ya muuguzi ni mbili tofauti na mtoto anazihitaji zote. Mama atakayebaki wodini lazima apate chakula, maji ya kuoga, choo safi, mahali pa kulala na mtu wa kumpokea. Bila hayo tutakuwa tumebadilisha jina la mateso tu.

Na hapo ndipo sheria inapoingia. Mei Mosi ya mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba mfanyakazi anayejifungua njiti ataongezewa muda, na mwaka 2025 sheria ya ajira ikarekebishwa ili wiki zilizobaki kutimiza wiki 40 za ujauzito ziongezwe kwenye likizo yake ya uzazi, na baba wa njiti apate siku saba badala ya tatu. Hili lilipiganiwa miaka mingi na watu wengi, ikiwemo taasisi ya Doris Mollel, na tunalipongeza kwa moyo wote. Lakini tusidanganyane. Akina mama wengi wa Tanzania hawana mwajiri. Mama ntilie, mkulima wa Sikonge, muuza mchicha wa Buguruni, likizo yake ni kufunga biashara na kukosa pesa. Kwa huyu, kushirikishwa wodini kwa wiki sita kuna gharama: nauli, chakula, na watoto wengine walioachwa kwa jirani. Halmashauri zinazopanga bajeti za hospitali zimfikirie huyu kwanza, maana ndiye mwingi.

Sasa tugeuke upande wetu, sisi tulioko ughaibuni. Yapo mambo mawili.

La kwanza linawahusu wale wanaojifungulia huku. Kuna wazazi wenzetu, hasa ndugu zetu waliofika karibuni kama wakimbizi kutoka Kongo, ambao mtoto akiwekwa kwenye chupa wanakaa kimya wakidhani kwamba kuuliza ni utovu wa adabu. Ulizeni! Hospitali za huku zinatarajia mzazi awepo, aulize, ambebe mwanawe kifuani. Kama Kiingereza hakijakaa sawa, ombeni mkalimani wa Kiswahili. Marekani, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumsaidia kwa lugha asiyejua Kiingereza bila malipo, na Uingereza hospitali za umma hutoa wakalimani. Msimtume mtoto wenu wa miaka kumi kutafsiri habari za uhai na kifo cha mdogo wake. Tena kwa walioko Uingereza, Scotland na Wales: tangu Aprili 6, 2025 sheria inampa mwajiriwa ambaye mtoto wake mchanga amelazwa siku saba mfululizo au zaidi, kabla ya kufikisha siku 28, likizo ya ziada ya hadi wiki 12, baba na mama. Wapo wenzetu wanaofanya kazi za kutunza wazee au za ghala ambao hawajasikia habari hii, na waajiri wao hawana haraka ya kuwaambia. Mwambie mwenzako. Kwa walioko Marekani, sheria ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, na kwa waajiriwa waliotimiza masharti tu; ni kidogo, lakini ni haki yenu, itumieni.

La pili ni la zawadi zetu. Vyama vyetu vya ughaibuni vinapenda kuchangisha fedha na kutuma mashine. Nia ni njema na hatuwavunji moyo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopitia hospitali za nchi 16, ulikuta kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa vya tiba havifanyi kazi. Sababu tunazijua: hakuna fundi, hakuna vipuri, umeme haueleweki. Wengine tumetuma mashine za Marekani za volti 110 kwenda kwenye umeme wa volti 230, zikaungua siku ya kwanza, zikawekwa stoo. Mashine nzuri zinahitajika, na zitaendelea kuhitajika kwa mtoto aliyezidiwa. Ila kabla ya kufunga kontena lijalo, tumpigie simu muuguzi mkuu wa wodi tumuulize anahitaji nini. Huenda atasema viti kumi vya kuegemea, vitanda sita, mapazia, sinki la kunawia, vikombe vya kukamulia maziwa, na fedha ya uji na chakula cha akina mama kwa mwaka mzima. Haitatoa picha ya kuvutia kama mashine yenye taa, lakini vitu hivyo haviharibiki umeme ukikatika, na tumeona kwa takwimu kwamba vinaokoa.

Tunamalizia kwa kusema tunachokitaka, ili asiwepo wa kusema hakutuelewa. Wizara za Afya za Tanzania Bara na Zanzibar zitoe agizo kwamba mzazi wa mtoto mchanga aliyelazwa si mgeni, na hana saa ya kutembelea. Anaingia wakati wote akishanawa mikono. Hakuna jengo jipya la watoto wachanga lipitishwe bila vitanda vya akina mama ndani yake. Kila mama wa njiti awe na msaidizi mmoja anayetambulika, awe baba, bibi au dada. Vyuo vya uuguzi vifundishe kumfundisha mzazi, na hilo lihesabiwe kuwa ni kazi, si hisani. Na wauguzi waajiriwe, kwa sababu mwalimu mmoja hawezi kufundisha akina mama kumi na watano huku anakimbizana na dripu.

Haya yote hayangojei mfadhili. Jambo la kwanza kati yake halina gharama hata ya shilingi moja: ni kumwambia mlinzi wa mlangoni kwamba kuanzia kesho mama apite.